Mwalimu wa Kujitolea Anapoitwa Nyumbani Ghafla



Nimeombwa nizungumze juu ya kujitolea kufundisha nje ya nchi. Najua wako kati yenu waliokwisha kujaza fomu, na wako wanaongoja matokeo ya mtihani ndio wajaze. Kuhusu kwenda mmeshaambiwa mengi: paspoti, chanjo, nauli, baridi. Mimi nataka nikwambie juu ya kurudi, tena kurudi kule ambako hukukupanga. Manake mtu akienda kwa miaka miwili hujiona kama ameishika miaka miwili mkononi, kumbe hajashika kitu.

Hebu tuangalie walimu wa kujitolea wa Kimarekani wanaopelekwa na Peace Corps. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1961. Muda wa mtu mmoja ni miezi 27, na mitatu ya mwanzo ni ya mafunzo na kujifunza lugha. Tanzania wengi wao wamefundisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari, baadhi yake shule za mashambani ambako kumpata mwalimu wa fizikia si jambo la mchezo. Basi tarehe 15 Machi 2020, siku ya Jumapili, likatoka agizo kuwa wote warudi Marekani kwa sababu ya korona. Ni watu karibu 7,000, katika nchi zaidi ya 60. Lilikuwa halijawahi kuwatoa watu wake wote kwa mara moja tangu kuanzishwa. Siku ya pili yake Tanzania ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza, na Jumanne serikali ikatangaza kufunga shule.

Zihesabu hizo siku. Jumapili mwalimu anaitwa kwao, Jumanne mwanafunzi anaambiwa aende kwao. Hapo kwaheri utaisema saa ngapi, na utamwambia nani?

Wala si korona peke yake. Hapa kwetu Kenya watu wa shirika hilohilo waliondolewa mapema mwaka 2008 kwa ajili ya zile vurugu za baada ya uchaguzi, na Julai 2014 mpango ukasimamishwa tena kwa sababu za usalama. Kazi mojawapo waliyokuwa wakiifanya hapa ni kufundisha katika shule za viziwi. Fikiri mtoto asiyesikia, ambaye nyumbani kwao pengine hakuna hata mmoja anayejua lugha ya ishara. Mwalimu kwake si wa hesabu tu, ni mtu wa kuzungumza naye. Habari inayopita redioni, sote tumeisikia, yeye haijamfikia. Huyo asipoambiwa ana kwa ana kuwa mwalimu anaondoka na kwa nini, atajuaje? Ataona tu kiti kitupu.

Ndio maana nasema, ukipata agizo la kuondoka, waambie wanafunzi mwenyewe. Usimwachie mwalimu mkuu, usiliachie gari likuchukue alfajiri watu wamelala. Ukipata saa moja, itumie hiyo saa. Mtoto asipopewa sababu hujitengenezea yake, na mara nyingi anayoitengeneza humwangukia yeye mwenyewe: tulimkasirisha, tulifeli ule mtihani, hatupendi. Waambie kwa maneno mepesi: nimeitwa, si kwa kosa lenu, si kwa kutaka kwangu, naondoka kesho. Ukilia, ulie. Lakini usiwafanye wao wakubembeleze wewe. Wewe una tikiti mfukoni, wao wanabaki pale pale penye lile jambo unalolikimbia. Hili naona vijana wengi hulisahau, huzuni yao huwa kubwa mpaka yafunika ya wenyeji.

Sasa nije kwenye neno "nitarudi". Jamani, hili neno tulichunge. Machi 2020 watu wengi duniani walidhani ni mambo ya wiki chache, basi ni rahisi kuwaelewa waliowaahidi wanafunzi kwamba wataonana tena karibuni. Lakini Peace Corps haikuanza kurudisha watu wake nchi za nje mpaka Machi 2022, ikaanza na Zambia na Jamhuri ya Dominika. Mtoto wa Tanzania aliyekuwa Kidato cha Tatu ile Machi 2020 alikuwa ameshamaliza Kidato cha Nne mwishoni mwa 2021. Aliyeambiwa angoje, angengoja mpaka amalize shule. Na sisi Waislamu tuna jambo la kujitazama hapa: tusiitumie insha Allah kama pazia la kufunikia ahadi ambayo moyoni twajua hatuna njia ya kuitimiza. Kama hujui utarudi, sema sijui. Watoto hulistahimili hilo kuliko watu wazima tunavyodhani.

Hali kadhalika ahadi za pesa. Saa ya kuagana moyo hulainika, mtu akasema nitakulipia karo wewe, na wewe nitakutumia kompyuta. Halafu anafika kwao, kazi hana. Usiseme. Na vitu unavyoviacha, viatu, vitabu, sufuria, usivigawe mlangoni kwa aliyewahi, utaacha ugomvi nyuma yako. Mpe mwalimu mkuu au mwalimu mwenzako avigawe kwa utaratibu.

Lakini kuna kitu nakiona kikubwa kuliko hata machozi, nacho ni alama za wanafunzi. Huo ndio mzigo wa watu ulio mikononi mwako. Daftari la alama, azimio la kazi, mada uliyofika na ile uliyoiruka, yule mtoto wa nyuma asiyeona ubao vizuri, ufunguo wa maabara. Andika karatasi moja, iwe na maandishi yanayosomeka, umkabidhi mtu kwa jina. Tena nitakwambia zaidi: usingoje agizo. Andika karatasi hiyo kila mwisho wa mwezi, uiweke kwenye droo ya ofisi ya walimu, maana siku ya agizo hutakuwa na akili ya kuandika.

Na mkae mkijua kuondoka kwenyewe hakuko mikononi mwako daima. Kenya ilisimamisha ndege za abiria wa kimataifa tangu usiku wa tarehe 25 Machi 2020 hadi Agosti mosi. Mkenya aliyekuwa nje akakawia siku chache tu, alikwama huko miezi. Kwa hiyo ukiambiwa ondoka leo, ondoka leo, hata kama hujawaona wanafunzi. Siwezi kumwambia mtoto wa mtu ahatarishe maisha yake kwa ajili ya sherehe ya kuagana, na nyinyi wazazi mniwie radhi kama ndivyo mlivyonielewa.

Aliyekosa nafasi aandike barua. Si ujumbe wa simu kwa mwanafunzi mmoja mmoja, hilo huleta maneno, hasa baina ya mwalimu mwanamume na wasichana. Barua moja kwa darasa zima, ipitie kwa mwalimu mkuu, isomwe wazi shule zitakapofunguliwa. Tanzania Kidato cha Sita walirudi tarehe 1 Juni 2020, na madarasa mengine ya sekondari tarehe 29 Juni. Miezi mitatu na zaidi ilikuwa imepita. Barua iliyoandikwa Machi ingewakuta wakiwa wamekaa madawatini, mtu wa kuwafundisha fizikia hajapatikana bado, na mwalimu mkuu akawasomea wamejua ni mada gani wamefikia.