Kumpa Kaa Jina: Sayansi, Ushahidi na Maji Yetu

Mhadhara wa umma, Ihanja, Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida



Najua wapo mnaojiuliza: kaa na Singida wapi na wapi? Wengi wetu tukimtaja kaa tunafikiria Pwani. Lakini duniani kuna zaidi ya spishi 1,300 za kaa wasioijua bahari kabisa. Huzaliwa, hukua na kufa katika mito, maziwa na vinamasi. Hapa Afrika Mashariki wengi wao ni wa jenasi iitwayo Potamonautes.

Hoja yangu leo ni moja. Mtaalamu anapotangaza spishi mpya ya kaa, anatoa ushahidi ambao mtu mwingine yeyote lazima aweze kuukagua. Na ushahidi huo hauanzii maabara. Unaanzia kwa watu wanaoishi kando ya maji.

Tuanze na sababu ya spishi hizi kuwa nyingi. Kaa wa baharini hutoa maelfu ya viluwiluwi, na mikondo ya maji huwapeleka mbali. Kaa wa maji baridi ana utaratibu mwingine. Mgeuze jike mwenye mayai, ufunue kile kifuniko kipana cha tumbo lake: utakuta mayai makubwa, machache, yameshikamana na vijiguu vyake. Humo hakitoki kiluwiluwi. Anatoka kaa kamili, mdogo sana, na mama humbeba kwa muda kabla ya kumwachia. Kizazi cha namna hiyo hakisafiri mbali. Mlima ukitengwa, au ziwa likitengwa kwa muda mrefu, kaa wake hubadilika kivyao. Ndiyo maana Ziwa Chala, chini ya Kilimanjaro, lina kaa wake, Potamonautes platycentron. Ziwa Tanganyika nalo lina kundi zima la Platythelphusa ambalo halipatikani kwingineko. Mwaka 2004 Saskia Marijnissen na wenzake waliliongezea spishi mbili mpya.

Sasa, mtaalamu anajuaje kwamba kaa aliye mbele yake ni mpya? Rangi haimsaidii sana, kwa kuwa hubadilika kati ya kaa na kaa, na ndani ya spiriti hufifia. Ukubwa nao hutegemea umri. Kwa hiyo huchukua dume aliyekomaa, akamweka chini ya hadubini, akakagua mistari na vimeno vya pembeni mwa gamba, viungo vya mdomoni, meno ya magando, na zaidi ya yote ile jozi ya vijiguu vya uzazi iliyofichwa chini ya tumbo. Ncha ya kijiguu hicho, iwe imenyooka au imepinda, nyembamba au nene, mara nyingi ndiyo inayokata shauri. Siku hizi huongezwa pia uchunguzi wa vinasaba.

Kisha lazima alinganishe na kila spishi ya karibu iliyokwisha kupewa jina. Sheria za kimataifa za majina ya wanyama huanzia kazi ya mwanasayansi Linnaeus ya mwaka 1758, na kwa jina lolote la spishi lililotolewa baada ya 1999 zinadai kielelezo kiteuliwe bayana, na ielezwe kimehifadhiwa wapi. Kielelezo hicho ndicho shahidi. Miaka 100 baadaye mwenye shaka ataomba kukiona.

Mfano mzuri uko Usambara Mashariki. Wenyeji walimjua kaa mwenye miguu mirefu myembamba anayeishi juu ya miti, ndani ya mashimo yaliyojaa maji ya mvua, na kutoka usiku kutafuta chakula. Anapatikana pia Shimba Hills, Kenya. Alipata jina la kisayansi mwaka 2004, pale Neil Cumberlidge na Marco Vannini walipomweleza kama Potamonautes raybouldi, kwa heshima ya John Raybould, aliyetafiti wadudu na kaa wa eneo la Amani. Miaka yote ya kabla ya hapo kaa huyu alikuwa yupo, lakini hakuwa na mahali katika orodha yoyote ya hifadhi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari lenyewe nalo liko mbali. Mwaka 1898 Franz Hilgendorf wa makumbusho ya Berlin alichapisha maelezo ya kaa wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, akitoa majina ambayo bado tunayatumia. Mtafiti wa Kitanzania anayetaka kuwaona mashahidi hao wa kale hulazimika kuwafuata Ulaya.

Mtasema, yote haya yana faida gani kwa mkulima wa alizeti? Nitataja ugonjwa wa usubi, ule unaoleta upofu. Kwa miaka mingi watafiti nchini Kenya walitafuta mitoni viluwiluwi vya mmojawapo wa inzi wanaoueneza, Simulium neavei, bila kuviona kwenye mawe wala majani. Mwaka 1950 Van Someren na McMahon walitoa taarifa kwamba vimeng'ang'ania miili ya kaa. Aliyempuuza kaa alikuwa amempuuza mbebaji wa inzi. Na kuhusu kaa wenyewe, tathmini ya dunia ya mwaka 2009 ilipitia spishi 1,280. Karibu nusu hazikuwa na taarifa za kutosha hata kusema kama ziko hatarini.

Ndugu zangu, Ihanja ni nchi ya msimu mmoja wa mvua, ya makorongo yanayokauka na malambo ya mifugo, na maji mengi ya magharibi mwa mkoa huu huelekea bonde la Wembere. Kaa akionekana humo, mpigeni picha tatu: mgongoni, tumboni na usoni. Andikeni jina la korongo, kijiji na tarehe, kisha mpeni mwalimu wa baiolojia taarifa hizo. Msimkusanye ovyo, utafiti una vibali vyake, na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ndiyo inayovitoa. Nanyi wenzangu wa vyuo vikuu, nawaomba: kaa wa Tanzania atakayepewa jina kesho, kielelezo chake kibaki Tanzania, na maelezo yake yaandikwe pia kwa Kiswahili, ili aliyemwona wa kwanza aweze kuyasoma.