MIZANI, NDOO NA MAZIWA YA MWENZETU

(Maneno ya kamati ya mapokezi ya maziwa kwa wanachama. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Wiki mbili zilizopita tulirudisha maziwa ya mama mmoja, mwanachama wetu, tukasema yametiwa maji. Maneno yakaenea mpaka kisimani. Leo tunasema mbele yenu kwamba hatukuwa na haki ya kusema vile. Si huruma inayotusemesha, ni hesabu. Tafadhali mtufuate.

Siku ile tulitundika ndoo kwenye mizani ya kuning'iniza. Tulipotoa uzito wa ndoo, maziwa yalikuwa kilo 7.1. Alama za ndoo zilionyesha lita 7.0. Ukigawa kilo kwa lita unapata uzito wa lita moja, ule ambao vijana wa sekondari huuita densiti. Simu ikatupa 1.0142857. Maji ni 1.000, na maziwa safi ya ng'ombe huwa baina ya 1.028 na 1.034 hivi. Basi tukaona tumemkamata mtu! Tarakimu nane, nani atabisha?

Kumbe tarakimu zile zilitoka kwenye simu, hazikutoka kwenye maziwa. Mizani yetu ina mistari ya gramu mia mia. Ikisoma 7.1 maana yake ni popote kati ya 7.05 na 7.15. Ndoo ndiyo mbaya zaidi: mistari yake ni ya nusu lita, na maziwa yalikuwa bado na povu la kukamuliwa. Ile 7.0 tulikisia tu. Huenda zilikuwa 6.9, huenda 7.1. Haya, gawa upya. Kilo ndogo kwa lita kubwa unapata 0.99, yaani mepesi kuliko maji! Kilo kubwa kwa lita ndogo unapata 1.04, mazito kupita maziwa ya kawaida. Na lita 6.9 za maziwa safi kabisa zingekuwa na kilo 7.1, ileile tuliyosoma.

Vipimo vyenye tarakimu mbili za kuaminika vinatoa jibu la tarakimu mbili: 1.0. Zilizobaki ni pambo. Na hiyo 1.0 ni maji, ni maziwa, na ni maziwa yenye maji pia.

Kule Buhemba, dhahabu safi ni 19.3 na jiwe jeupe linaloibeba ni kama 2.7. Tofauti ni kubwa, hata kipimo cha ovyo hakiifichi. Maziwa sivyo. Tia lita 1 ya maji kwenye lita 9 za maziwa ya 1.030, utapata 1.027. Mwizi anajificha kwenye tarakimu ya nne, na sisi tulikuwa na mbili. Tuliolima pamba upande wa Bunda tumenung'unika miaka mingi juu ya mizani ya mnunuzi. Safari hii mizani mbovu ilikuwa yetu.

Sasa tumenunua laktometa Musoma. Inaelea ndani ya maziwa. Ikisoma 30 maana yake ni 1.030, na ile sifuri ya mwisho msiifute, imepimwa. Maziwa yakae nusu saa kwanza, povu litoke. Yetu imetengenezwa kwa joto la digrii 20, kwa hiyo kila digrii inayozidi tunaongeza 0.2. Maziwa ya mama yule tuliyapima juzi mbele yake: 29 kwa digrii 26, ongeza 1.2, ni 30.2. Tumeandika 30, kwa sababu chombo hakisomi sehemu ya kumi.

Hata laktometa hudanganywa. Anayeengua mafuta hupandisha namba, kisha maji huishusha pale pale. Basi namba peke yake haitamhukumu mtu tena hapa. Tutapima mara mbili, mwenyewe akiwepo.

Maziwa ya siku ile yalikwisha kuwa mtindi, hayapimiki tena. Mama atalipwa lita zake 7, na daftari limesahihishwa. Kuanzia Jumatatu upimaji ni saa 1 asubuhi, chini ya mwembe. Kila mtu asome namba yake mwenyewe. Asiyeona vizuri aje na mtoto wa shule.