Miji Chini ya Milima ya Moto: Onyo Hukwama Wapi?

(Haya ni maelezo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma.)



Nimeombwa nizungumze juu ya miji iliyojengwa juu ya volkano au kando yake. Ningeweza kuanza na Naples, kule Italia, ambako mamia ya maelfu ya watu hulala kila usiku chini ya Vesuvius, mlima uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1944. Lakini nitaanza karibu zaidi, katika mji ambao wakazi wake huogopa, hucheka na huuza samaki kwa lugha hii hii tunayoitumia hapa. Mji huo ni Goma.

Goma imekaa kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu, mashariki ya Kongo, ubavu kwa ubavu na Gisenyi ya Rwanda. Kaskazini yake, kwa umbali usiozidi kilomita 20, umesimama mlima Nyiragongo wenye urefu wa meta 3,470. Kwa miaka mingi kileleni mwake pamekuwa na ziwa la lava, yaani mwamba ulioyeyuka, na usiku mwanga wake huyapaka mawingu rangi nyekundu. Lava nyingi duniani ni nzito na hutambaa polepole, hata mtu anaweza kuiacha nyuma kwa miguu yake. Ya Nyiragongo sivyo. Ina silika kidogo mno, na kwa hiyo ni nyepesi kama uji wa mgonjwa. Tarehe 10 Januari, 1977, ubavu wa mlima ulipopasuka, ziwa zima lilimwagika kwa muda usiozidi saa moja, na lava ikateremka kwa mwendo wa gari. Makadirio ya waliokufa siku hiyo yanatofautiana, kuanzia makumi hadi mamia ya watu, nao walikuwa wanavijiji wa miteremko ya mlima.

Hata mlima unapotulia, ardhi ya huko haitulii. Katika mabonde na mashimo hujikusanya hewa ya kaboni ambayo ni nzito kuliko hewa tunayoivuta, haionekani wala haina harufu. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mbuzi ameanguka na mtoto mdogo amezimia. Watu wa Kivu wanaiita mazuku. Wanasayansi wa Ulaya na Marekani walipokwenda kuipima hawakuwa na neno lao fupi la kuitaja, wakalichukua neno mazuku jinsi lilivyo, na leo limo katika maandishi yao. Nawaomba walimu wa Kiswahili walitie neno hili madaftarini, kwani tumezoea mno kuhesabu maneno tuliyokopa na kusahau tuliyokopesha.

Wako wanaouliza iwapo watu wanaoishi mahali kama hapo wana akili timamu. Aghalabu muulizaji ni mtu aliyeshiba na ambaye nyumba yake iko mbali. Majivu ya volkano yakioza huwa udongo wenye rutuba isiyo kifani. Sisi wenyewe tunajua hivyo: Arusha imekaa chini ya Meru, mlima uliolipuka kidogo mara ya mwisho mwaka 1910, na Tukuyu iko kwenye miteremko ya Rungwe, na hakuna anayeshangaa kuona migomba na kahawa vimestawi huko. Kwa Goma kuna sababu nyingine. Wakoloni wa Kibelgiji waliweka kituo hapo mkabala na kituo cha Wajerumani cha Gisenyi; mabeberu wawili walikuwa wakitazamana mpakani, wala hakuna aliyeinua kichwa kuutazama mlima. Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia huko kwa muda wa siku chache, na vita vilivyofuata vimewasukuma wanavijiji mjini mwaka hata mwaka, hadi wakazi wakapita milioni moja. Anayekimbia bunduki hachagui aina ya mwamba atakaojenga juu yake.

Kwa hiyo shida si kwamba watu wanaishi karibu na moto. Shida ni hii: mlima unapoanza kusema, nani anayesikia, na hicho alichokisikia kinapita ofisi ngapi kabla ya kumfikia mama aliye jikoni?

Tarehe 17 Januari, 2002, lava iliingia Goma yenyewe. Mji wakati huo ulikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, na wataalamu wachache wa hapo waliokuwa wakiupima mlima kwa vyombo duni walikuwa wameona dalili mapema. Hapakuwa na serikali ya kuzifanyia kazi. Lava ilikata katikati ya mji hadi ziwani, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, na watu wapatao 120,000 wakakosa makazi. Mamia ya maelfu walivuka mpaka kwenda Gisenyi. Waliokufa walikuwa zaidi ya 100, na wengi miongoni mwao hawakuguswa na lava kabisa: walikufa kituo cha mafuta kilipolipuka wakati watu wakichota mafuta. Baada ya siku chache wengi walikuwa wamerudi, wakitembea juu ya mawe ambayo bado yalikuwa na joto. Kisha wakayavunja mawe hayo wakajengea nyumba.

Ilipofika jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei, 2021, mlima ulipasuka tena. Kabla ya hapo kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilikuwa kimepoteza msaada wa fedha kutoka nje, na kwa miezi kadhaa hakikuwa hata na intaneti ya kupokea habari kutoka vyombo vilivyo mlimani. Wengi tuliandika wakati huo kwamba fedha zingekuwapo onyo lingekuwapo. Baadaye, mwaka 2022, ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba dalili za wazi zilianza chini ya saa moja kabla ya mlipuko. Sisemi kwamba ufukara wa kituo si kitu. Ni aibu mji wa watu milioni kulindwa kwa hisani ya wafadhili. Nasema tu kwamba hata vyombo vikiwa kamili, mlima kama ule huenda usitoe zaidi ya saa moja. Saa hiyo haitoshi kuandika barua, kuitia muhuri na kusubiri majibu kutoka Kinshasa. Inatosha tu kwa watu wanaojua tayari njia ya kupita. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege. Walikufa watu wapatao 32, baadhi yao katika ajali za barabarani walipokuwa wakikimbia gizani.

Ndugu Mwenyekiti, niruhusu niende mbali kidogo, hadi kisiwa cha Martinique katika bahari ya Karibi, koloni la Ufaransa wakati huo, kwa kuwa yaliyotokea huko yanatugusa sisi wa magazeti na nyinyi walimu pia. Mji wa Saint-Pierre ulikuwa mji mkubwa wa biashara chini ya mlima Pelée. Tangu mwezi wa Aprili 1902 mlima ulikuwa ukitoa majivu. Tarehe 5 Mei tope la moto liliteremka likafukia kiwanda cha sukari pamoja na watu. Duru ya pili ya uchaguzi ilikuwa imepangwa tarehe 11 Mei. Gazeti la hapo, Les Colonies, liliwatuliza wasomaji, na likachapisha maoni lililoyataja kuwa ya mwalimu wa sayansi wa shule ya sekondari ya mji, kwamba Pelée hauna hatari kwa Saint-Pierre zaidi ya ile ya Vesuvius kwa Naples. Tume iliyoundwa na gavana iliona kwamba mabonde yangeukinga mji. Gavana mwenyewe, Louis Mouttet, alikwenda huko na mkewe, na kuwapo kwake kukawa hakikisho kwa wengine. Watu wa mashambani walikuwa wakikimbilia mjini, yaani kwenye hatari.

Asubuhi ya tarehe 8 Mei, karibu saa mbili, wingu la gesi na majivu ya moto liliufunika mji kwa dakika chache. Walikufa watu wapatao 28,000, akiwamo gavana na mkewe, na mwalimu. Aliyejulikana sana miongoni mwa wachache mno waliosalia ni mfungwa aliyekuwa ndani ya chumba cha mawe gerezani. Wanahistoria bado wanabishana ni kwa kiasi gani uchaguzi uliwazuia watu kuondoka. Mimi, nikiwa mtu wa gazeti, sihitaji kungoja ubishi huo uishe ili nione aibu. Gazeti lile liliandika kile ambacho wenye mji walitaka kusikia, nalo liliamini linadumisha utulivu.

Miaka 83 baadaye, Colombia ilikuwa na kila kitu ambacho Saint-Pierre haikuwa nacho. Mlima Nevado del Ruiz ulipoanza kuamka, wataalamu walichora ramani ya hatari, ikatolewa mwezi wa Oktoba 1985, na mji wa Armero ulionyeshwa humo kuwa katika njia ya tope. Haikuwa habari mpya: tope la mlima huo lilikwisha kupita hapo mwaka 1845, na mji ulijengwa juu yake. Wakuu waliiona ramani. Wengine walisema inatia watu hofu bure. Mchana wa tarehe 13 Novemba majivu yalinyesha mjini, na watu wakaambiwa watulie majumbani. Saa tatu usiku mlima ulilipuka, mlipuko mdogo tu, ukayeyusha sehemu ya barafu ya kileleni. Tope lilifika Armero yapata saa tano na nusu. Hesabuni wenyewe: zaidi ya saa mbili, na mwinuko ulikuwa karibu kwa mtu anayejua kwamba anapaswa kuukimbilia. Walikufa watu wapatao 23,000, wengi wao wa Armero.

Hapo haikukosekana sayansi. Kilichokosekana ni mtu wa kukubali kutoa amri. Na tusimhukumu haraka mtumishi yule, maana hofu yake naijua, nanyi mnaijua. Akiwahamisha watu na mlima usilipuke, atacheka nani? Nani atalipa magari, nani atajibu kwa ajili ya mifugo iliyoibwa na mitihani iliyoahirishwa? Mwaka 1976, katika kisiwa cha Guadeloupe, jirani na Martinique, watu zaidi ya 70,000 waliondolewa chini ya mlima Soufrière wakakaa mbali kwa miezi. Mlipuko mkubwa uliotazamiwa haukutokea. Wanasayansi wa Ufaransa waligombana hadharani, na aliyetoa amri akalaumiwa kwa hasara yote. Kila mkuu wa mahali penye volkano anaijua habari hiyo, na ndiyo inayomfanya aseme tusubiri hadi kesho.

Baada ya Armero, Mfaransa mmoja, Maurice Krafft, aliyezunguka dunia pamoja na mkewe Katia wakipiga picha za volkano, alitengeneza filamu ya kuwaonyesha wakuu na raia jinsi tope, majivu na mawingu ya moto yanavyoua. Mwaka 1991 filamu hiyo ilionyeshwa huko Ufilipino kwa maofisa na wanavijiji wa kando ya mlima Pinatubo, watu ambao hawajapata kuona mlima huo ukilipuka tangu mababu zao. Makumi ya maelfu walikubali kuondoka kabla ya mlipuko mkubwa wa tarehe 15 Juni. Hata hivyo walikufa mamia, wengi wakiangukiwa na mapaa yaliyolemewa na majivu yaliyolowa mvua ya kimbunga. Lakini maelfu waliokolewa. Krafft na mkewe hawakuishi kuyaona hayo. Walikufa tarehe 3 Juni mwaka huo huo katika mlima Unzen, Japani. Filamu ile haikuwa na hesabu ngumu wala maneno ya kitaalamu. Ilikuwa kazi ya mwalimu.

Sasa narudi Goma. Siku tano baada ya mlipuko wa Mei 2021, ardhi ikiwa bado inatetemeka na wataalamu wakihofu kwamba lava inasogea chini ya mji na chini ya ziwa lenyewe, ambalo lina gesi nyingi iliyoyeyuka majini, wakuu waliamuru kata kumi zihamwe. Watu wapatao 400,000 waliondoka alfajiri, wakiwa na magodoro vichwani. Walikwenda Sake, walikwenda Rwanda, wengine walipanda mashua kwenda Bukavu. Wengi walilala nje, maji safi yalikuwa haba, watoto walipotezana na wazazi. Lava ya pili haikuja. Kuanzia tarehe 7 Juni walianza kurudishwa, na bila shaka walikuwapo waliosema kwamba wamesumbuliwa bure.

Mimi nasema amri ile ilikuwa sahihi, na ingebaki sahihi hata mlima usingetoa moshi tena kwa miaka mia. Kosa lilikuwa jingine: watu walitolewa kabla ya kuandaliwa mahali pa kufikia, na hilo ni kosa linaloweza kurekebishwa ofisini, siku za kawaida, na watu wa aina yetu.

Njia za kutoka Goma ni chache. Kaskazini kuna mlima, na lava ya 2021 iliikata barabara ya Rutshuru. Mashariki kuna mpaka, kusini kuna ziwa, magharibi kuna barabara ya Sake. Tangu mlipuko ule Sake imekuwa uwanja wa mapigano, na mwezi wa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma wenyewe. Anayepanga leo jinsi ya kuwaokoa wakazi hao hana budi kwanza kuuliza njia ipi imefungwa na majeshi ya nani, na mlinzi gani wa mpakani atakayeinua kizuizi usiku wa manane.