Ukivuta Tela Kitonga, Tazama Walio Nyuma

Dereva wa semi unayeelekea Tunduma, neno hili ni lako. Unaupanda Mlima Kitonga, mkoani Iringa, una shehena ya Zambia au Kongo, na gari linatambaa kwa gia nzito. Kwenda polepole si kosa; mzigo una uzito wake. Lakini tupia jicho kioo cha pembeni. Mabasi, pikapu, pengine na gari la wagonjwa, yote yamejipanga nyuma ya tela lako. Aliyechoka kusubiri atajaribu kupita kwenye kona ambako haoni mbele yake, na anayeshuka atamkuta hapo hapo.

Ukifika sehemu pana iliyo salama, washa indiketa ya kushoto mapema, ingia pembeni, waache wapite. Ni dakika chache tu. Na mkifuatana malori mawili, acheni nafasi ya gari dogo kuingia katikati. Hili madereva wengi hulisahau, na kulisahau ni hatari kweli.

Nawe wa nyuma, ndugu yangu, indiketa ya lori si ruhusa ya kupita. Huenda mwenzio anataka kusimama tu. Mpaka uione barabara kwa macho yako, subiri, wala usimpigie honi. Anapambana na mlima.