Karatasi Iliyofichwa

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya rufani. Wengi wakisikia kwamba aliyehukumiwa kwa kuua amekata rufani, hudhani anatafuta mlango wa kutorokea. Sivyo. Rufani ni kuikagua mizani yenyewe iliyompima mtu. Tutalieleza jambo hili kwa kesi moja ya Marekani, ya mji wa New Orleans.

Mwezi wa Machi 1995, watu wenye silaha waliivamia nyumba moja ya mtaani, wakadai fedha na madawa ya kulevya, kisha wakapiga risasi. Watu 5 wakafa. Mmoja aliyenusurika alisimama mahakamani, akamnyooshea kidole Juan Smith, akasema hana shaka naye. Hapakuwa na shahidi wa pili, wala kitu chochote kilichookotwa pale ambacho kilimfunga Smith na mauaji yale. Kwa ulimi wa mtu mmoja, juri ikamtia hatiani kwa makosa 5 ya kuua.

Kumbe ofisini mlikuwa na karatasi. Mpelelezi alikuwa ameandika kwamba usiku ule ule shahidi alisema hawezi kuwaeleza wauaji, ila kwamba walikuwa wanaume weusi. Siku 5 baadaye aliandika tena: shahidi hakuziona nyuso, na hata akiwaona hatawajua. Maneno hayo mtetezi wa Smith hakupewa.

Wala sheria haikuwa ngeni. Tangu mwaka 1963, katika kesi ya Brady, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha amua kwamba Serikali haina ruhusa kumficha mshtakiwa ushahidi wa maana unaomfaa. Na Aprili 1995, kabla Smith hajahukumiwa, Mahakama hiyo ilitengua hukumu nyingine ya mji uo huo, ya Kyles, kwa sababu iyo hiyo.

Mahakama za Louisiana zilimkatalia Smith. Januari 2012, Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu yake, majaji 8 kwa 1. Serikali ilidai kwamba huenda shahidi alikana kwa hofu. Mahakama ikajibu kwamba huenda juri ingaliamini hivyo, lakini hapana yakini kwamba ingaliamini. Jaji Clarence Thomas peke yake alipinga, akiona kwamba karatasi zile zisingaligeuza hukumu.

Angalieni, ndugu zetu: Mahakama haikusema kwamba Smith hana kosa. Ilisema kwamba hukumu ile haina msingi wa kutegemewa. Sisi wenye maduka twalijua hili. Mwenye duka akimdai mtu mbele ya wazee kwa daftari moja, na daftari la pili amelikalia, deni hilo halijathibiti, hata kama ni la kweli.

Na waliofiwa nao wamedhulumiwa. Miaka kama 16 walidhani shauri lao limekwisha, kumbe lilijengwa juu ya mchanga.

Huku kwetu nako, Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo rufani za Visiwani hufika kwake, ilisema mwaka 1980 katika kesi ya Waziri Amani kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno. Lazima kuulizwe: alimtazama kwa muda gani? Kwa umbali gani? Palikuwa na mwanga gani? Alikuwa akimjua kabla?

Basi likitokea la kutokea mtaani kwetu, tusikimbilie kupiga kelele kwamba fulani ndiye, awe wa chama chetu au wa chama kingine. Tuulize kwanza: shahidi alisema nini siku ya kwanza, na maneno hayo yameandikwa wapi? Ushahidi ni amana, na amana hairejeshwi nusu.