MAJERUHI WA KUIGIZA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Habari niliyo nayo ni ya majeraha ya bandia, yaani namna ya kumpamba mtu mwenye afya aonekane ameumia, ili wanaojifunza huduma ya kwanza wapate kumshughulikia. Najua wako watakaocheka wakidhani ni mchezo tu. Nawaomba wanisikilize kwanza.

Mimi nilijifunza huduma ya kwanza kwa kufunga bendeji juu ya mkono mkavu, safi, mwalimu akisema, "Hapa pana jeraha." Nikafaulu, nikapewa cheti. Haukupita muda, lori likapinduka njiani nami nipo. Nilipoona damu mikono yangu ilitetemeka, nikamkimbilia aliyekuwa akipiga kelele kwa ajili ya mkono uliovunjika. Karibu naye alikuwako mwingine ameegemea gurudumu, kimya, akiomba maji tu. Nilipomgeukia, damu ilikuwa imekwisha kumtoka nyingi pajani. Hakupona. Na cheti changu kilikuwa mfukoni.

Dawa ya kosa kama hili ilitafutwa zamani. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Eric Claxton alianzisha huko Uingereza chama kiitwacho Casualties Union, ambacho wanachama wake hujifunza kuigiza majeruhi ili waokoaji wapate kufundishika. Kazi yao ina sehemu mbili: kupaka na kuigiza.

Kupaka si kugumu. Damu hufanywa kwa maji mazito ya sukari, rangi nyekundu ya chakula, na kakao kidogo ili wekundu usizidi. Jeraha hufanywa kwa vaselini iliyokandwa na unga, ikatandazwa juu ya ngozi, kingo zake zikalainishwa, kisha ikachanwa katikati kwa kijiti butu. Jasho ni matone ya glisirini na maji.

Walakini hapa pana jambo linalotuhusu sisi hasa. Rangi nyingi za kazi hii zilitengenezwa kwa kufikiri ngozi nyeupe. Mtu mweusi aliyepungukiwa na damu hageuki mweupe. Ngozi yake hufifia kama yenye majivu, na dalili hutafutwa midomoni, viganjani na ndani ya kope la chini. Akikosa pumzi, tazama midomo, ufizi na kucha. Basi mwanafunzi aliyezoea picha za vitabu vya ng'ambo aweza kumpita mgonjwa wake mwenyewe. Hatuna budi kupaka midomo, kucha na viganja vyetu sisi, tujifunze kwa ngozi zetu.

Sehemu ya pili ni kuigiza, nayo ndiyo iliyonipita mimi siku ile. Aliyetokwa na damu nyingi hapigi kelele. Hutulia, huhema upesi upesi, huona kiu, huanza kuchanganyikiwa. Aliyeungua hata ndani kabisa huenda asisikie maumivu mahali penyewe. Majeruhi wa kuigiza akizijua dalili hizi, humfundisha mwanafunzi kumwendea aliye kimya kabla ya mwenye makelele.

Sasa usalama. Kabla ya kumpaka mtu, aulizwe ni vitu gani vinavyomdhuru mwili, na rangi ijaribiwe kidogo mkononi. Penye kidonda cha kweli hapapakwi. Machoni hapaguswi; lililo ndani ya kope msimamizi atalitaja kwa mdomo. Damu ya kweli, ya mtu au ya mnyama, ni marufuku, na kioo chenye makali vilevile. Mkanda wa kuzuia damu usikazwe juu ya mtu mzima wa afya, wala kifua chake kisisukumwe. Kazi hiyo ina sanamu zake. Majirani na polisi wapewe habari mapema, watu wasije wakataharuki.

Tena liwepo neno moja lililokubaliwa na wote, mathalani "KWELI KWELI". Likitamkwa, mchezo umekoma: maana mwigizaji naye aweza kuanguka kwa ugonjwa wake mwenyewe, na watu wakamsifu kwa ustadi huku akifa.

Mabwana na Mabibi, sisi makarani twakaa penye watu: stesheni, posta, mabomani. Ajali ikitokea, mara nyingi sisi tutafika kabla ya mganga. Naomba watu sita miongoni mwenu wajitolee kulala chini nusu siku, wapakwe na kufungwa bendeji. Nguo zitachafuka, nakiri. Lakini ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo. Na yule aliyekaa kimya kando ya gurudumu hakuhitaji maneno yangu.