Somo la 14: Kumrudi Mtoto bila Kumvunja

Wapenzi wasikilizaji, akina baba na akina mama wakristu, nanyi watoto mnaokaa kando ya redio pamoja na wazazi wenu: katika somo lililopita tuliitazama amri ya nne kwa upande wa watoto. Tulisema kwamba mtoto amepaswa kuwaheshimu wazazi wake, kuwatii na kuwasaidia. Leo tutaitazama amri hiyo hiyo kwa upande wa pili, maana Mungu amewapa wazazi nao kazi yao, tena nzito kuliko ile ya watoto. Tutajiuliza hivi: Je, inafaa baba mkristu ampige mtoto wake? Na asipompiga, atamrudi namna gani?

Najua kwamba swali hili huleta mabishano. Baada ya Misa nimewasikia wazee wakisema: «Watoto wa siku hizi wameharibika kwa sababu fimbo imetoka nyumbani. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.» Nao akina mama vijana hujibu: «Sisi tulipigwa, na mapigo hayakutuongezea akili wala upendo.» Leo hatutawacheka wazee, wala hatutawanyamazisha akina mama. Tuanze na neno la Mungu.

1. Maandiko Matakatifu yanafundisha nini?

Wenye kuitetea fimbo hutaja kitabu cha Methali, sura ya 13, kinachofundisha kwamba baba anayeizuia fimbo hampendi mwanawe. Fundisho hilo limo, nasi hatuwezi kulifuta. Lakini tulisome pamoja na mengine. Katika lugha ya Kiebrania, neno lililoandikwa hapo ni lile lile linaloitaja fimbo ya mchungaji katika Zaburi ya 23, ile inayomtuliza kondoo apitapo mahali pa giza. Ninyi mnaofuga mnajua kazi ya fimbo hiyo: kumfukuza mnyama mkali, kuonyesha njia, kuhesabu kundi liingiapo zizini. Mchungaji akiwavunja kondoo wake miguu, jioni atarudi na nini? Tena kitabu hicho hicho cha Methali, katika sura ya 17, kinasema kwamba onyo humwingia mwenye akili zaidi kuliko mapigo mia yamwingiavyo mpumbavu.

Sisemi kwamba watu wa kale hawakupiga watoto. Walipiga. Lakini Mungu aliwafundisha watu wake polepole, kama vile mama anavyomfundisha mtoto kutembea. Musa aliruhusu talaka, Yezu akaikataza. Watu wa kale walilipa jicho kwa jicho, Yezu akaamuru kusamehe. Katika nchi za Warumi baba alikuwa na uwezo mkubwa mno juu ya watoto wake. Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso na Wakolosai, akawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa. Angalieni: Paulo aliiona hatari ambayo sisi hatuioni upesi, hatari ya moyo wa mtoto kuvunjika.

Tuitazame tena nyumba ya Nazareti. Yezu alipokuwa na miaka kumi na miwili alibaki Yeruzalemu bila kuwaambia wazazi wake. Maria na Yozefu walimtafuta kwa uchungu, wakamwona siku ya tatu. Ni mzazi gani kati yetu ambaye asingekata fimbo njiani? Lakini Injili ya Luka inatuonyesha kwamba Maria alimwuliza kwanza kwa nini ametenda hivyo, akamweleza uchungu wao, kisha akamsikiliza, ijapokuwa jibu lake hawakulielewa. Baada ya hapo mtoto akashuka nao, akawatii. Swali lilitangulia, na utii ukafuata.

2. Mfano wa Mtakatifu Yohane Bosko

Mtakatifu Yohane Bosko alizaliwa Italia mwaka 1815. Baba yake alikufa yeye akiwa bado hajatimiza miaka miwili, akalelewa na mama yake mjane, Margerita. Wenye kuandika maisha yake wanasimulia kwamba mama huyo aliweka fimbo pembeni mwa jiko, watoto waione, lakini hakuitumia kuwapiga.

Alipokuwa na miaka tisa, Yohane aliota ndoto. Aliwaona watoto wengi wakicheza, na wengine wao wakimtukana Mungu. Akawarukia kwa ngumi ili kuwanyamazisha. Ndipo akatokea Bwana mmoja mwenye uso wa kung'aa, akamfundisha kwamba watoto hao hatawapata kwa mapigo, bali kwa upole na upendo. Ndoto ile ilimfuata maisha yake yote. Alipokuwa padri aliwakusanya vijana maskini wa mji wa Torino, wengine wao waliotoka gerezani, akawalea kwa mambo matatu: akili, dini na upendo wenye upole. Wanawe Wasalesiani walifika Katanga mwaka 1911, na mpaka leo wana shule Lubumbashi na mahali pengine katika nchi yetu.

3. Jambo lililonipata mimi mwenyewe

Ndugu zangu, msidhani kwamba anayesema nanyi ni mtu asiye na dhambi hii. Nilipokuwa mtoto, nilifundishwa katekisimu kwa fimbo. Aliyekosa jibu alinyosha kiganja. Nilijifunza kujibu kwamba Mungu ni upendo huku mkono wangu umevimba. Nilipokuwa mtu mzima, nikadhani hiyo ndiyo njia.

Miaka kadhaa iliyopita nilimtuma mwanangu wa miaka tisa apeleke muhogo kwenye mashine ya kusaga. Alirudi jioni amechelewa, ana unga kichwani, lakini faranga zilizobaki hana. Nilikuwa nimetoka shambani nimechoka, na mchana ule nilikuwa nimegombana na jirani juu ya mpaka. Nikamwuliza mara moja tu: «Faranga ziko wapi?» Akanyamaza kwa woga. Nikakata fimbo, nikampiga.

Usiku mama yake alipoifua kaptula yake, akauona mfuko umetoboka. Faranga zilidondoka njiani, na mtoto alichelewa kwa sababu alirudi kuzitafuta. Na kumbe mama yake alikuwa ameniomba faranga za kununua uzi tangu juma lililopita, nami nikasahau. Kosa lilikuwa langu, mapigo yakawa yake.

Hayakuishia hapo. Tangu siku ile, kila nilipomwita alikuja ameinua mkono mmoja kufunika kichwa. Baada ya majuma machache alivunja mtungi, akasema ni mbuzi. Zamani hakuwa mwongo. Fimbo yangu haikumfundisha kutunza faranga. Ilimfundisha kunificha mambo.

Nilipokwenda kuungama nilitaja dhambi ya hasira. Padri akaniuliza: «Na mtoto, umemwomba radhi?» Nilikuwa sijamwomba. Kwetu watu husema kwamba baba haombi radhi kwa mtoto wake. Lakini nilirudi nyumbani, nikamwita, nikakaa chini, nikamwambia: «Mwanangu, siku ile nilikupiga bure. Unisamehe.» Akajibu: «Ndiyo, baba.» Hakusema zaidi, wala mkono ule haukushuka siku ile. Ulishuka polepole, baada ya miezi.

4. «Hata babu zetu walipigwa»

Wengine watasema: «Kuacha fimbo ni desturi ya Wazungu.» Wazee, kumbukeni. Ni nani aliyewapiga babu zetu hadharani, wamelazwa kifudifudi, mbele ya wake zao na watoto wao? Mjeledi ule wa ngozi ya kiboko ulitumika katika nchi hii tangu siku za mfalme Leopold II, naye aliitawala Kongo mwaka 1885 mpaka 1908, na uliendelea chini ya serikali ya Ubelgiji hata miaka ya 1950. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Patrice Lumumba alipotaja mateso ya watu wetu, aliyataja na mapigo. Babu zetu walijua kwamba mjeledi haukuwafanya kuwa watu wema. Uliwafanya kuinamisha kichwa mchana na kuchukia usiku. Basi, kitu tulichokikataa mikononi mwa bwana mkoloni, kwa nini tukitunze nyuma ya mlango kwa ajili ya watoto wetu?

Sheria ya nchi yetu nayo imesema. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaamuru kwamba katika jamaa na katika shule mtoto arudiwe kwa namna ya utu. Sheria hiyo hiyo inamwadhibu kwa kifungo mtu anayemshtaki mtoto kuwa mchawi, na sote tunajua jinsi watoto wengi walivyopigwa na kufukuzwa kwa shtaka hilo la uwongo.

Na ndani ya Kanisa je? Nisiwafiche: mabishano yalikuwako. Tarehe 4 Februari 2015 Papa Fransisko alisimulia habari za baba aliyesema kwamba mara nyingine huwapiga watoto wake kidogo, lakini si usoni, asiwaaibishe. Papa akamsifu kwa kuijali heshima ya watoto wake. Wengi waliumia kwa maneno hayo, wakasema kwamba hakuna pigo lenye heshima. Mwaka uliofuata, 2016, katika barua yake juu ya Furaha ya Upendo, Papa huyo alifundisha kwamba mtoto akikosa lazima arudiwe, lakini asitendewe kamwe kama adui, wala kama kitu cha kumalizia hasira. Fundisho hilo tulishike.

5. Basi, tumrudi mtoto namna gani?

Kuacha fimbo si kumwacha mtoto. Mzazi asiyemwonya mwanawe anatenda dhambi, maana asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Walisema kukunja, hawakusema kuvunja. Shikeni mambo haya manne:

Kwanza, uliza kabla ya kuhukumu. Hata mwizi husikilizwa barazani.

Pili, ngoja hasira ipoe. Kunywa maji, toka nje, sali Salamu Maria moja. Ukiona mkono wako unatetemeka, usimrudi mtoto saa ile.

Tatu, adhabu ifanane na kosa. Aliyemwaga maji, aende kisimani tena. Aliyemtukana mwenzake, aende kumwomba radhi. Aliyeacha kazi, aimalize kabla ya kwenda kucheza.

Nne, adhabu ikiisha, iishe. Usimkumbushe kosa mbele ya wageni, wala usimnyime chakula. Baba wa mwana mpotevu alimkimbilia mwanawe, akamwandalia karamu.

Maswali na majibu

Swali: Je, wazazi wamepaswa kuwarudi watoto wao?
Jibu: Ndiyo, wazazi wamepaswa kuwarudi watoto wao, kwa sababu Mungu amewakabidhi roho zao na miili yao.

Swali: Je, kumrudi mtoto ni sawasawa na kumpiga?
Jibu: Hapana. Kumrudi ni kumwonyesha kosa lake na kumfundisha njia njema. Pigo huumiza mwili, lakini njia haliionyeshi.

Swali: Mzazi aliyempiga mtoto kwa hasira afanye nini?
Jibu: Ajute mbele ya Mungu, aungame, amwombe mtoto radhi, na ajitahidi asirudie.

Kusudi la juma hili

Kila baba na kila mama, kabla ya Dominika, amwite mtoto mmoja aliyemwadhibu bila kumsikiliza. Amwulize habari ile sasa, hata kama siku nyingi zimepita, na asikilize jibu lote mpaka mwisho.

Tusali. Ee Mungu Baba yetu, wewe watuona tukikosa kila siku, nawe hutupigi kwa hasira, bali watuita turudi. Utupe mikono ya kulea. Uwaponye watoto waliovunjika moyo kwa makosa yetu. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.

Tumsifu Yezu Kristu!